AI Nachingwea: Tusije Tukalima Karanga Tena!

Siku hizi ukikaa kijiwe chochote cha Nachingwea au Ruangwa, dakika kumi haziishi kabla jamaa hajachomekea neno AI. Wataalamu wa lugha wanaiita akili mnemba. Fundi simu anayo, mwenye steshenari anayo, hata mshikaji wa bodaboda anakwambia anayo kwenye simu. Muulize inamfanyia kazi gani. Anacheka, anapiga kiki pikipiki yake, huyoo!

Mimi sina ugomvi na mashine. Wasiwasi wangu ni msimu. Huku kwetu hela ina miezi yake, bwana. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakiingia, mji unachangamka, kila mtu tajiri. Mfanyabiashara akiitupa vibaya hela ya Desemba, maumivu yake atayasikia mpaka korosho nyingine zianguke. Na ni Desemba hiyo hiyo wanapotokea watanashati wenye kompyuta za mkononi, wanauza "mfumo wa AI".

Nilimshuhudia mmoja akimchombeza dada mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nachingwea. Dada akamuuliza swali moja tu: "Huo mfumo utanijulisha niagize bati ngapi kabla ya malipo ya mnada?" Kijana akajibu kwa madaha: "Dada'angu, utakufanyia kila kitu."

"Kila kitu sina," dada akasema. "Nina duka."

Kumbe Nachingwea ina historia na hao wa kila kitu. Waulize wazee habari za mradi wa karanga. Mwaka 1947 Waingereza, waliokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, walitua Tanganyika na mpango wa kulima mamilioni ya ekari. Kongwa, Urambo na kwetu Nachingwea. Mitambo ilikuwa ya kutisha. Vifaru vya vitani viligeuzwa matrekta! Reli ikajengwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Nani angesema mradi kama huo utakosa nini?

Ukakosa taarifa za mahali. Kule Kongwa udongo ulikuwa ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, karanga hazing'oki. Mvua nayo haikufuata ratiba ya London. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango ule mkubwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda na maji. Reli yenyewe ilifungwa miaka ya 1960.

Sasa rudi kwenye AI. Mashine hii inajifunza kutokana na taarifa ilizolishwa. Iliyoshiba mauzo ya maduka ya Marekani haijui kwamba mteja wako wa Ruangwa anasubiri hela ya chama cha msingi iingie benki ndipo aezeke nyumba. Hiyo siri iko wapi? Iko kwenye daftari la kaunta, kwa mwandiko wa yule binti anayeuza misumari.

Dada yetu alifanya nini? Hakununua mfumo. Alikaa na binti wake jioni kadhaa, wakahamisha mauzo ya misimu mitatu kutoka kwenye daftari: tarehe, bidhaa, idadi, bei. Majina ya wadaiwa wakayaacha. Halafu wakaiuliza programu ya bure kwenye simu ni wiki zipi bati hutoka kwa wingi na ni mali gani inalala. Jibu likaja kwa Kiswahili. Bati hazitoki wiki ya mnada, zinatoka baada ya malipo. Na rangi za makopo, jamani, zilikuwa zinalala mwaka mzima! Jumla moja haikukaa sawa, binti akaibaini kwa kikokotoo. Mwanzoni alikuwa anahofu mashine itamfukuzisha kazi. Ikaonekana bila daftari lake mashine haina cha kusema.

Kama unataka mfano mkubwa zaidi, tazama Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na wa IITA walioko hapa Tanzania. Ilifundishwa kwa maelfu ya picha za majani ya mihogo. Unaelekeza kamera kwenye jani, inakwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Inaongea Kiswahili, inafanya kazi hata pasipo mtandao. Haikuahidi kila kitu, ilishika muhogo.

Mwenye duka la pembejeo Ruangwa anaweza kuitumia pale pale kaunta. Ila hapo ndipo utakapomjua muuzaji mwenye utu. Magonjwa hayo mawili ni ya virusi, hayana dawa ya kunyunyiza, na dukani dawa zimejaa rafu nzima. Ukimwambia mteja ukweli, ang'oe mimea iliyougua na atafute mbegu safi, leo hukuuza kitu. Mwakani atarudi kwako au kwa jirani? Na kipimo cha dawa yoyote usikiulize AI, soma kibandiko au muulize bwana shamba.

Wengine wanachanganya mambo. Mnada wa mtandaoni wa TMX, uliouza korosho msimu wa 2024/2025, ni soko, wanunuzi wanashindana kwa bei. Si kila kilicho kwenye mtandao ni AI, hata muuzaji aape.

Halafu wewe unayepiga picha daftari la madeni lote, majina na namba za simu, ukarusha kwenye programu usiyoijua mwenyewe ni nani, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Mteja wako alikopa bati, hakukopa jina lake.

Kijana wa mfumo akija msimu huu, mpe kurasa chache za mauzo zisizo na jina la mtu. Mwambie akuonyeshe mbele yako, bure, bidhaa moja ya kuongeza na moja ya kupunguza. Akisema lipia kwanza, mwonyeshe njia ya stendi.