Dhahabu Yenye Kuchoma Saratani

Mwanafunzi wa Ibadakuli aijua dhahabu ya Geita kuwa ya manjano. Lakini chembe zake ndogo mno, ambazo 50,000 zikipangwa mstari hutimiza milimita moja tu, huyapa maji rangi nyekundu, jambo alilolieleza Michael Faraday mwaka 1857. Ukubwa na umbo la chembe huamua mwanga utakaofyonzwa.

Chembe za silika zilizovikwa ganda la dhahabu hufyonza mwanga wa leza usioonekana na kuugeuza kuwa joto. Zikijikusanya katika uvimbe wa saratani, huuchoma, na nyama ya jirani husalimika. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio kwa wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume. Hata hivyo, leza haiifikii saratani iliyokwisha kuenea mwilini. Kwa hiyo kupimwa mapema kungali na umuhimu uleule.