Baka Lisilosikia Dawa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Kindwitwi, kijiji jirani na Utete, wilayani Rufiji, ambako padri Mwingereza, Robin Lamburn, aliwahudumia wagonjwa wa ukoma. Historia hiyo imewaachia watu wa Rufiji na Kibiti somo zuri: ukiona baka lililofifia, lijaribu kwanza kama lina ganzi. Likiwa nayo, nenda zahanati. Dawa za ukoma ni bure. Lisipokuwa nayo, wengi hushusha pumzi, wakasema ni fangasi tu, wakaenda duka la dawa.

Lipo baka la tatu. Ni nadra, narudia, nadra, asije mtu akakesha kwa sababu ya mashilingi ya mtoto wake. Mwaka 1806 daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert alieleza habari za mgonjwa aliyeota vivimbe vya ngozi vyenye umbo la uyoga. Ugonjwa huo ukaitwa maikosisi fangoidesi, jina linalopotosha hadi leo, kwani hauna uhusiano wowote na fangasi. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, ambazo hujazana kwenye ngozi na kuzaliana ovyo.

Mwanzoni hufanana mno na pumu ya ngozi. Mabaka huwasha, hukauka, hutoa magamba, na hupenda sehemu zisizopigwa jua: matakoni, mapajani, kiunoni, matitini. Kwa sisi weusi, hasa vijana, huweza kuwa weupe uliofifia tu, ndiyo maana hudhaniwa ukoma. Hali hiyo yaweza kudumu miaka mingi. Baadaye, kwa baadhi ya wagonjwa, mabaka hunenepa, vivimbe huota na tezi huvimba. Wachache ngozi yao yote huwaka, na seli hizo huonekana hata kwenye damu, hali aliyoieleza daktari Albert Sézary mwaka 1938.

Kinachotuponza ni dawa za kupaka za mchanganyiko, zenye steroidi ndani yake. Hutuliza muwasho, baka likapungua, mgonjwa akaridhika, akiacha, linarudi. Steroidi hiyo pia huweza kuficha dalili hata kwenye darubini, na kipimo cha kwanza cha kipande cha ngozi kikasoma pumu ya ngozi. Kwa hiyo si ajabu daktari akaagiza uache kupaka kwa wiki kadhaa, kisha akakata ngozi tena.

Najua safari ya kukifuata kipimo hicho. Wengi wanaotoka visiwa vya delta ya Rufiji hushukia Nyamisati, ndipo waishike barabara ya Kibiti, na rufaa ikitoka ni hospitali ya Muhimbili au Ocean Road. Ni gharama. Lakini ugonjwa ukikamatwa mapema, hutulizwa kwa dawa za kupaka alizopanga daktari au tiba ya mwanga, na wengi huishi miaka mingi.

Basi ndugu msomaji, baka likikaa miezi bila kusikia dawa, usibadilishe duka. Mwombe daktari akate kipande kidogo cha ngozi kikapimwe, na umtajie kila dawa uliyowahi kupaka.