KIDONGE CHA ZINKI: KWA NINI KISIKATIZWE
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu huitumia methali hii tukizungumzia pesa, lakini katika makala haya nataka kuitumia kueleza jambo la afya, yaani kidonge cha zinki anachopewa mtoto anayeendesha. Kidonge chenyewe ni kidogo na watu wengi hukidharau. Walimu wetu wapendwa na wanafunzi wenzangu, hebu nifuateni polepole.

Zinki ni nini? Mwanafunzi yeyote wa Kemia atakwambia kuwa ni metali, alama yake ni Zn na nambari yake ya atomu ni 30. Ndiyo inayopakwa kwenye mabati ya nyumba zetu ili yasishike kutu. Rafiki yangu mmoja darasani aliposikia kwamba watoto hupewa zinki aliangua kicheko, akasema, "Sasa watoto wanalishwa mabati?" La hasha! Zinki ya hospitalini ni chumvi ya zinki, kwa mfano zinki salfeti, iliyotengenezwa na kupimwa kwa uangalifu. Hata wewe msomaji una zinki mwilini, gramu 2 au 3 hivi. Ni haba, lakini vimeng'enya zaidi ya 300 huihitaji ili vifanye kazi. Tena mwili hauna ghala la kuiweka akiba. Ni lazima tuipate katika chakula chetu cha kila siku, hasa nyama, maini, samaki, mayai, njugu na mbegu za maboga.

Kwa miaka mingi madaktari hawakudhani kwamba binadamu anaweza kupungukiwa na zinki. Mnamo mwaka wa 1961 daktari Ananda Prasad, mzaliwa wa India, pamoja na wenzake, waliandika kuhusu vijana wa mashambani nchini Iran waliokuwa wamedumaa. Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 21, lakini ungemwona ungedhani ni mtoto wa miaka 10! Chakula chao kikuu kilikuwa mkate wa ngano, nyama hawakuipata. Uchunguzi uliofuata nchini Misri ulionyesha kwamba zinki ndiyo iliyokosekana, na waliopewa zinki walianza kurefuka.

Mtu atauliza, kwani ngano haina zinki? Inayo. Shida ni kwamba ndani ya nafaka mna kitu kiitwacho faitati, ambacho hushika zinki na kuizuia isiingie mwilini. Kumbe hata mahindi yetu yana faitati! Anayekula ugali na mboga tu kila siku anaweza kushiba na bado akapungukiwa. Kuloweka nafaka na kuchachusha unga hupunguza faitati, kwa hivyo uji wa kuchachusha wa nyanya zetu usiudharau.

Sasa tuje kwenye tumbo. Mtoto anapoendesha, kinachomuua upesi ni kupoteza maji na chumvi. Ndiyo sababu kitu cha kwanza ni ile dawa ya unga ya ORS, inayokorogwa katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Tena asinyimwe chakula, na anayenyonya aendelee kunyonya. Wako wanaosema ati ukimpa maji utamzidishia kuendesha. Huo ni uongo unaozika watoto.

Lakini ORS hurudisha maji na chumvi tu. Ukuta wa utumbo umeumia, na zinki nayo imetoka pamoja na choo. Hapo ndipo kidonge kinapoingia kama fundi baada ya mafuriko. Zinki husaidia utumbo kutengeneza ngozi mpya ya ndani, hupunguza maji yanayovuja kuingia tumboni, na huwapa nguvu chembechembe nyeupe za damu, wale askari wetu wa mwili.

Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitangaza kwa pamoja kwamba mtoto anayeendesha apewe ORS na zinki. Kipimo walichotangaza kilikuwa miligramu 20 kwa siku, na miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Mwaka wa 2019 pakiti yenye ORS na zinki pamoja iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu za watoto duniani.

Siku 10! Hapa ndipo mambo huharibika. Mtaani kwetu jirani mmoja alipewa vidonge kwa ajili ya mtoto wake. Siku ya tatu mtoto aliacha kuendesha. Nilipoviona vidonge vimebaki nikamwuliza, "Mama, mbona hivi havijaisha?" Akanijibu, "Mwanangu, mtoto ameshapona. Nimeviweka, akiendesha tena nitampa." Kwa kweli alidhani anaweka akiba. Lakini kuacha kuendesha si kupona kabisa, maana fundi bado yuko kazini ndani. Anayemaliza vidonge vyake hupata pia kinga ya miezi miwili au mitatu dhidi ya kuendesha tena. Anayekatiza huitupa kinga hiyo.

Hata hivyo zinki si dawa ya kila tumbo. Mtoto akiendesha damu, akilegea sana au akishindwa kunywa, apelekwe hospitalini mara moja. Vilevile kuna maradhi sugu ya uvimbe wa utumbo, kama ule uitwao Crohn, ambayo huwapata hata watu wazima. Wagonjwa hao wanaweza kupungukiwa na zinki kwa sababu ya kuendesha kwa muda mrefu, na daktari akiona hivyo huwaongezea. Lakini zinki haiwaponyi ugonjwa wenyewe. Tena ikizidi hudhuru, maana huzuia mwili kupata shaba inayohitaji. Kwa hivyo usijinunulie tu dukani ukameza kiholela.

Wenzangu, sisi wa shule ya kutwa hurudi nyumbani kila jioni. Tunawaona wadogo zetu wakiugua, na mara nyingi ni sisi tunaotumwa kuchukua dawa na kusoma maandishi kwenye pakiti. Basi tusome mpaka mwisho. Kidonge kiyeyushwe katika kijiko cha maji safi au maziwa ya mama, apewe mtoto, kisha mtu aweke alama kwenye kalenda ukutani. Alama zikifika 10, kibaba kimejaa.