Kuhama mtandao bila kupoteza wateja: Somo la wapenzi wa gemu kwa wafanyabiashara wa Babati

WAKULIMA wa mbaazi wa Babati hawajasahau mwaka 2017. Agosti ya mwaka huo, Serikali ya India, mnunuzi mkubwa wa zao hilo, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kutoka nje. Bei ikaporomoka, na magunia yakabaki ndani ya nyumba za wakulima na maghala ya wafanyabiashara. Mbaazi zilikuwa zilezile na mizani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mnunuzi mmoja, aliye mbali, ambaye hakulazimika kumuuliza mkulima wa Manyara.

India ilifungua tena soko hilo mwaka 2021. Lakini somo la kutegemea mlango mmoja halijaisha, kwa sababu wafanyabiashara wengi wamejijengea mlango mwingine wa aina hiyohiyo, safari hii ndani ya simu zao.

Mnunuzi wa nafaka, muuza pembejeo, fundi wa pampu za maji na kijana mwenye kibanda cha gemu wanafanana kwa jambo moja. Wote huwakusanya wateja wao kwenye kundi la WhatsApp au kwenye kurasa za Facebook na Instagram. Bei ya mahindi ya Arusha, picha ya ng'ombe anayeuzwa, taarifa ya lori lenye nafasi na ratiba ya ligi ya mpira wa pleistesheni, yote hupita humo. Kundi lenye wateja 500 walioaminiana kwa miaka mitano ni mtaji, hata kama haliandikwi kwenye daftari la hesabu.

Swali la kiuchumi ni hili: mtaji huo ni wa nani, na je, unahamishika?

Mpangaji na mwenye nyumba

Anayefungua kundi kwenye mtandao wa kampuni ni sawa na mpangaji wa fremu. Hulipi kodi ya fedha. Unalipa kwa taarifa zako na kwa kutazama matangazo. Mwenye nyumba anaweza kubadili masharti, kukufungia namba, kuuza jengo au kukatikiwa umeme.

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takribani saa sita, kwa sababu zote tatu ni mali ya kampuni moja. Mfanyabiashara aliyedhani amejikinga kwa kuwa na akaunti kwenye mitandao yote mitatu aligundua kwamba alipakia magunia yake yote kwenye lori moja.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44 za Marekani. Ndani ya miezi michache kanuni na bei za huduma zilibadilika, kisha hata jina likawa X. Hapa Tanzania, Mei 2025, mtandao huo ulifungwa, na waliokuwa wamejenga wateja wao humo wakalazimika kuwatafuta upya mahali pengine.

Wapenzi wa gemu walivyohama

Kundi lililojaribu mapema kuondoka kwa mwenye nyumba wa namna hii ni wapenzi wa gemu za kompyuta. Jambo hilo linaweza kuonekana kuwa mbali na mashamba ya Gallapo na Magugu, lakini hesabu yake ni ileile.

Wachezaji wa gemu ya RuneScape walikuwa wameandika kwa kujitolea maelfu ya kurasa za maelezo kuhusu gemu hiyo kwenye tovuti za kampuni ya Fandom. Mwaka 2018 waliamua kuhama na kuanzisha tovuti yao wenyewe. Septemba 2023 wenzao wa gemu ya Minecraft walifuata njia hiyo, wakilalamikia wingi wa matangazo na ukosefu wa uhuru wa kuboresha kurasa zao. Waliweza kubeba maandishi yote kwa sababu yaliandikwa chini ya leseni inayoruhusu kunakiliwa. Hata hivyo, kampuni haikuifunga tovuti ya zamani. Iliendelea kuwepo, ikishindana na tovuti mpya kuwavuta wasomaji wanaotafuta habari kwenye intaneti. Ni kama kuhama fremu ukaacha nyuma duka lenye kibao chako na mtu mwingine anauza ndani.

Juni 2023 ilikuwa zamu ya Reddit, jukwaa lenye mabaraza ya wapenzi wa gemu na mambo mengine mengi. Kampuni hiyo ilitangaza ada kubwa kwa watengenezaji wa programu nyingine zilizokuwa zikitumia huduma yake. Maelfu ya mabaraza yalifunga milango kwa muda kupinga. Baadhi ya wanachama walihamia Lemmy na kbin, ambayo ni majukwaa yasiyo na mmiliki mmoja. Walio wengi walibaki, au walirudi baada ya mgomo kupoa.

Yanavyofanya kazi

Mtanzania anaweza kuyaelewa majukwaa haya haraka kuliko watu wa nchi nyingi, kwa sababu amekwisha kuishi na mambo mawili yanayofanana nayo.

La kwanza ni fedha za simu. Kabla ya mwaka 2014, kila mtandao ulikuwa kisiwa. Mwaka huo Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, pamoja na Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tangu hapo mnunuzi mwenye M-Pesa anaweza kumlipa mkulima mwenye Airtel Money bila mkulima huyo kubadili laini.

Majukwaa kama Mastodon, lililoanzishwa na Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016, hufuata mpango huo. Kuna seva nyingi, kila moja na msimamizi na kanuni zake, lakini zote zinatumia lugha moja ya mawasiliano iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa Januari 2018. Aliye kwenye seva ya chama cha ushirika anaweza kufuatana na aliye kwenye seva ya chuo kikuu.

La pili ni kuhama na namba. Tangu Machi 2017 mteja wa simu nchini anaweza kuhama kampuni bila kubadili namba yake. Kwenye Mastodon, anayehama seva moja kwenda nyingine anaweza kuwahamisha wafuasi wake. Tofauti ni kwamba maandishi yake ya zamani hayahami. Hubaki kwenye seva aliyotoka.

Gharama ya kuhama

Wachumi wana kanuni rahisi kuhusu mitandao: thamani yake kwa mtumiaji mmoja inategemea wangapi wengine wamo. Ndiyo maana mnada wa ng'ombe hauhamishwi na mtu mmoja. Mfugaji anayekwenda mnada mpya peke yake, hata kama una kivuli na maji, atarudi na ng'ombe wake.

Ndivyo ilivyotokea Mastodon. Watumiaji wake hai kwa mwezi waliruka kutoka takribani 300,000 hadi milioni 2.5 kati ya Oktoba na Novemba 2022, kisha wengi wakaondoka walipowakosa watu waliowazoea.

Gharama ya pili ni uendeshaji. Seva inalipiwa kila mwezi, inahitaji mtu wa kuitengeneza, na inahitaji msimamizi wa kuondoa matapeli na matusi. Kbin ilitegemea zaidi mtu mmoja, na seva yake kuu ilizimika mwaka 2024. Waliokimbia kampuni kubwa wakajikuta wanategemea afya na muda wa mtu binafsi. Kumkimbia mwenye nyumba mkubwa hakusaidii kama nyumba mpya ina nguzo moja.

Gharama ya tatu ni ya kisheria. Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, na pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Chama kinachotaka kuendesha seva yake, au kinachotunza majina na namba za wateja, kinapaswa kuuliza kwanza TCRA na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kinatakiwa kutimiza nini.

Afanye nini mfanyabiashara

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Babati, kufunga kundi la WhatsApp kesho asubuhi na kuwaita wateja Mastodon ni hasara. Wateja hawamo humo, na wengi hununua bando linalotosha WhatsApp tu. Lakini kuna hatua nne zisizo na gharama kubwa.

Kwanza, atenganishe wateja na jukwaa. Kila mwisho wa mwezi aandike jina, namba ya simu, kijiji na bidhaa ya kila mteja muhimu, kwa ridhaa yake, kwenye daftari linalofungiwa kabatini. Namba ya simu ndiyo mtaji unaohamishika. Kundi lenyewe halihami.

Pili, awe na njia mbili ambazo hazina mmiliki mmoja. WhatsApp na Instagram ni njia moja yenye majina mawili. WhatsApp na ujumbe mfupi wa kawaida ni njia mbili kweli.

Tatu, kundi liwe na wasimamizi angalau watatu wenye laini za kampuni tofauti, ili namba moja ikifungiwa au kupotea kundi lisife.

Nne, watakaotaka kujaribu majukwaa yasiyo na mmiliki mmoja wahame kwa pamoja na polepole. Mahali pazuri pa kuanzia ni mtandao wa vikundi kama MVIWATA au chama cha ushirika, si duka moja. Gharama ya seva ikigawanywa kwa mamia ya wanachama huwa ndogo. Njia ya zamani na mpya ziende sambamba angalau msimu mzima, na bei za soko ziwekwe kwanza kwenye jukwaa jipya, ili mwanachama awe na sababu ya kulifungua.

Bado kuna hatari ambayo hakuna seva itakayoizuia. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, kwa siku kadhaa, majukwaa ya kampuni na yasiyo ya kampuni yalikosekana sawasawa. Aliyekuwa na namba za wateja wake zimeandikwa alikuwa na pa kuanzia. Aliyeziacha zote ndani ya kundi alisubiri. Wahenga hawakuijua intaneti waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mfanyabiashara wa mbaazi hana haja ya kuongeza neno.