Darasa Bila Mwalimu Ni Ushindi wa Adui

Mazungumzo baada ya habari: Nchi za Jirani. Kwa wasikilizaji wetu wa majeshi ya ulinzi na usalama.



Habari za shule aghalabu huja mwisho katika taarifa ya habari, baada ya mambo ya serikali, ya mapigano na ya bei za mazao. Leo tumeziweka mbele, kwa sababu wako jirani zetu ambao kwao swali la nani atasimama mbele ya ubao limekuwa swali la usalama wa taifa. Tunazungumzia miji midogo ya kaskazini mashariki ya Kenya, yaani Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na vijiji vya msitu wa Boni katika kaunti ya Lamu. Sehemu hizo zote zimepakana na Somalia au ziko karibu nayo, na zote zimeonja mashambulio ya kundi la al-Shabaab.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa njiani, na abiria 28 wakauawa. Miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa mapumziko ya mwisho wa mwaka. Shule zilipofunguliwa mwaka 2015, walimu wengi wenye asili ya sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi, wakaenda Nairobi kuiomba Tume ya Kuajiri Walimu iwahamishe. Kabla suala hilo halijapata ufumbuzi, tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa kilivamiwa alfajiri, wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Februari 2018 ikawa zamu ya shule ya msingi ya Qarsa, Wajir. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, Garissa, na baada ya hapo Tume ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti hizo tatu.

Ndugu wasikilizaji, mtazameni adui huyu kwa jicho la askari. Adui anayeshambulia daraja anataka kukata njia ya magari. Anayeshambulia kisima anataka watu wafe kwa kiu. Je, anayemwua mwalimu wa darasa la tatu anataka nini? Mwalimu huyo hana bunduki, hana siri za kijeshi, na mshahara wake ni mdogo. Lakini mwalimu mmoja akiuawa, walimu mia hufunga mizigo yao, na wakishaondoka, watoto maelfu hubaki bila kazi ya kufanya kutwa. Kwa risasi chache adui amefunga shule za kaunti nzima.

Ili kuelewa kwa nini pigo hilo ni zito kiasi hicho, hapana budi kurudi nyuma. Sehemu ya kaskazini mashariki ya Kenya ni kame, na wenyeji wake wengi ni wafugaji wanaohama kufuata malisho na maji. Wakati wa ukoloni ilitawaliwa kama eneo lililofungwa, na shule zilikuwa chache mno. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 vilizuka vita vya mashifta, na sheria za hali ya hatari zikaendelea kutumika huko kwa karibu miaka thelathini. Hivyo wakati sehemu nyingine za nchi zilipokuwa zikijenga shule na kusomesha walimu wao, kaskazini mashariki ilibaki nyuma.

Matokeo yake ni mzunguko usiokatika kwa urahisi. Shule zikiwa chache na walimu wakiwa haba, wanafunzi wachache tu humaliza sekondari wakiwa na alama za kuwaingiza katika vyuo vya ualimu. Wenyeji wanaoingia vyuo hivyo wakiwa wachache, serikali hulazimika kuleta walimu kutoka mbali. Walimu wa mbali wakitishwa, huondoka. Wakiondoka, wanafunzi wa mwaka ule hushindwa mtihani, na mwaka unaofuata walimu wenyeji huwa wachache vilevile. Wanaopungua zaidi ni walimu wa hisabati na sayansi, masomo ambayo mtoto hawezi kujifundisha peke yake chini ya mti.

Hapa ndipo linapoingia suala la nafasi za wanafunzi. Haisemwi kwamba Kenya haikutoa nafasi. Karo za shule za msingi zilifutwa mwaka 2003, na mwaka 2008 serikali ikaanza kulipia masomo katika sekondari za kutwa. Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ikaunda mfuko maalumu wa kuzisaidia sehemu zilizoachwa nyuma. Mfuko wa maendeleo wa majimbo ya uchaguzi, ulioanza mwaka 2003, hutoa misaada ya karo, na serikali za kaunti nazo hufanya hivyo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanzishwa mwaka 1995, huwakopesha wanaoingia vyuo vikuu. Upo pia ufadhili wa Wings to Fly, ulioanza mwaka 2010 kwa ajili ya watoto hodari wa familia maskini. Hata wakimbizi wa kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, wanazo nafasi zao: Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi huwasomesha baadhi yao vyuo vikuu kwa msaada wa Ujerumani, na wengine huchukuliwa na vyuo vya Kanada.

Orodha hiyo ni ndefu na inapendeza. Lakini sehemu kubwa ya nafasi hizo hufunguliwa kwa ufunguo mmoja, nao ni mtihani. Mtoto wa Nairobi mwenye walimu wote wa masomo yote, na mtoto wa kijiji cha Wajir aliyekaa mihula miwili bila mwalimu wa hisabati, hupewa karatasi moja ya maswali, siku moja, saa moja. Karatasi haiulizi mwalimu wako alikimbia lini. Kwa hiyo fedha za ufadhili zaweza kuwapo, fomu zaweza kugawiwa, na bado mtoto yule asifike dirishani kuzichukua. Mfumo mpya wa elimu, ambao ulileta shule za sekondari za chini mwaka 2023, mwaka ule ule ulipofanywa kwa mara ya mwisho mtihani wa zamani wa darasa la nane, umeongeza haja ya walimu wa masomo maalumu. Penye upungufu wa zamani, haja mpya huumiza maradufu.

Sasa tuangalie hatua zilizochukuliwa, maana jirani zetu hawakukaa kimya.

Hatua ya kwanza ni kuwaajiri vijana wenyeji. Jambo hili ni la busara, kwani mwenyeji anajua lugha, anajua njia, na akitishwa hana kwingine kwa kukimbilia kwa wepesi. Lakini limezua mjadala mkali. Mwaka 2018 wizara ilitaka alama za kuingia vyuo vya ualimu zishushwe kwa wenyeji wa sehemu hizo, na Tume ikapinga. Kila upande ulikuwa na hoja. Ukishusha alama mno, unampa mtoto mwalimu dhaifu. Usiposhusha kabisa, humpi mwalimu yeyote. Kwa maoni yetu, njia iliyo salama ni kumchukua kijana mwenyeji mwenye moyo na kumwongezea muda wa mafunzo kabla hajakabidhiwa darasa.

Hatua ya pili ni kukifungua tena Chuo cha Garissa. Hapo zamani kilikuwa chuo cha ualimu, na mwaka 2011 kikawa chuo kikuu kishiriki. Baada ya mauaji ya 2015 wako waliodhani kwamba hakitafunguka tena. Kilifunguliwa Januari 2016 kwa wanafunzi wachache sana, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Hili si jambo dogo. Hapo ndipo mzunguko tuliousema unapoweza kukatwa, kwa sababu kijana wa Garissa anaweza kusomea ualimu Garissa na kufundisha Garissa.

Hatua ya tatu inawahusu ninyi askari moja kwa moja. Baada ya mashambulio ya mwaka 2014 katika kaunti ya Lamu, shule tano za Waboni katika kata ya Basuba zilifungwa: Milimani, Basuba, Mangai, Mararani na Kiangwe. Waboni ni watu wachache, ambao kwa asili huishi kwa msitu, kwa kuwinda na kurina asali, na hata kabla ya vita elimu kwao ilikuwa haba. Operesheni ya Linda Boni ilipoanza Septemba 2015, askari wa Jeshi la Ulinzi la Kenya waliingia msituni kumsaka adui. Kadiri siku zilivyopita, askari hao walisaidia kutengeneza madarasa, na baadhi yao wakashika chaki na kufundisha. Watoto wa madarasa ya juu walichukuliwa kwa ndege hadi shule ya bweni ya Mokowe, ili wasipoteze masomo yao.

Askari anayemfundisha mtoto kusoma amefanya kazi ya heshima kubwa, na hakuna mzazi atakayeisahau. Walakini tusidanganyane. Askari si mwalimu wa kudumu: leo yuko hapa, kesho amehamishwa. Tena sare na silaha zikikaa darasani, shule yaweza kugeuka shabaha ya adui. Ndiyo maana Azimio la Shule Salama, lililotolewa Oslo mwezi Mei 2015, linazitaka nchi zijizuie kutumia majengo ya shule kwa shughuli za kijeshi. Kwa hiyo chaki ya askari iwe msaada wa dharura. Kazi yake ya msingi ni kuilinda njia na kijiji, ili mwalimu aliyesomea kazi hiyo arudi kwa amani.

Jambo la nne halikuagizwa na serikali yoyote. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, likitoka Nairobi kwenda Mandera, lilivamiwa karibu na El Wak. Wavamizi waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, wako wanawake waliowavisha wenzao hijabu ili wasitambulikane. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Katika basi lile raia wasio na silaha walimnyima adui kile alichokitaka, yaani kuwatenganisha. Hakuna kikosi kinachoweza kulinda mpaka mrefu namna ile bila raia wa aina hiyo, na raia wa aina hiyo hawapatikani kwa vitisho. Wanapatikana pale wanapoheshimiwa na wanaovaa sare.

Ndugu wasikilizaji, huenda mmoja wenu akasema: hayo ni ya Kenya, sisi yanatuhusu nini? Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Lakini jambo hili limetugusa zaidi ya methali. Mwaka 2019, mahakama ya Nairobi ilipowatia hatiani watu watatu kwa kushirikiana na wauaji wa Garissa, mmoja wao alikuwa kijana wa Kitanzania, akahukumiwa kifungo cha maisha. Ilielezwa kwamba kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa sekondari hapa nchini. Lazima ipo siku moja ambayo kiti chake darasani kilikuwa kitupu, na rejesta ikaonyesha hayupo. Hakuna mtoto anayezaliwa adui. Kati ya kiti kile kitupu na lango la Garissa zilikuwapo siku nyingi, na katika kila siku palikuwapo nafasi ya mtu mmoja kuuliza: huyu kijana yuko wapi?

Basi tuchukue mafunzo machache. La kwanza, mkuu wa shule na mkuu wa kituo cha polisi wafahamiane kabla ya tatizo. Mwanafunzi akitoweka bila sababu, habari ifike mapema, na ipokelewe kwa nia ya kumrudisha kijana shuleni, wala isiwe kisingizio cha kumtesa mzazi wake. La pili, kamanda wa mpakani azijue tarehe za kufunga na kufungua shule kama anavyozijua zamu za askari wake, kwa sababu walimu husafiri kwa wingi siku hizo, nayo safari ya Mandera ya mwaka 2014 ilikuwa ya namna hiyo. La tatu, kambi isiwekwe katika majengo ya shule pale penye mahali pengine. La nne, anayepangiwa kituo kigumu, awe mwalimu au askari, asiachwe bila nyumba, bila mawasiliano na bila posho yake kwa wakati. Mtu aliyetupwa hudumu kituoni kwa kukosa njia ya kuondoka tu.

Wale kati yenu waliotumikia vikosi vya amani mashariki ya Kongo wamekwisha kuyaona haya kwa macho yao. Wanajua kwamba kijiji kinachorudia hali yake huonekana kwanza kwa watoto wanaokwenda shule asubuhi wakiwa na madaftari. Mkiwaona watoto hao njiani, pale mlipo, jueni kwamba ulinzi wenu umefanya kazi yake siku hiyo.