Jina Lipoteapo Kati ya Madaftari Mawili

Bonde la Lambwe, katika kaunti ya Homa Bay, lilisifika zamani kwa mbung'o na malale. Kifua kikuu hakina mbawa, lakini kinaua.

Makohozi yakifikishwa penye mashine ya kupimia, viini huonekana kwa muda wa saa 2, na dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali. Hata hivyo, wako wagonjwa ambao majina yao yameandikwa katika daftari la maabara, wala hayaonekani kamwe katika daftari la dawa.

Si kila dispensari yenye mashine. Basi makohozi hupelekwa kwa pikipiki, naye mgonjwa huambiwa arudi siku nyingine. Huyu hana nauli; yule ni mvuvi, amekwisha kuhama ufuo; wa tatu aliacha namba ya simu ya jirani. Na jina je? Kwa Wajaluo mvulana aliyezaliwa usiku huitwa Otieno. Karani aandikaye Otieno tu, bila jina la baba na la kijiji, heri asingaliandika.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mgonjwa asiyetibiwa aweza kuambukiza watu 10 hata 15 kwa mwaka mmoja, ilhali dawa za kawaida humezwa miezi 6.

Nyamrerwa, yaani mhudumu wa afya wa kijijini, ndiye amjuaye Otieno akohoaye na nyumba alalamo. Akipewa jina siku ile ile matokeo yatokapo, humpata kabla hajapanda mashua kwenda Mfangano.