Fahamu: Tintin nchini Kongo, ustadi wake na aibu yake

Tangu Januari 1, 2026, kurasa za katuni ya Kifaransa “Tintin au Congo” (Tintin nchini Kongo) zilizochapishwa mwaka 1930 hazina tena hakimiliki nchini Marekani. Ulaya bado, maana huko hakimiliki huhesabiwa tangu kifo cha msanii, na mchoraji wake Mbelgiji, Hergé, alifariki mwaka 1983. Kijana wa Rau mkoani Kilimanjaro mwenye simu na bando anaweza kukutana nazo wakati wowote, basi ajue anachokitazama.

Ustadi upo, tusibishe. Gari la Tintin, shujaa wa katuni hii, linagongana na treni, treni ndiyo inayoanguka. Hata asiyejua Kifaransa atacheka.

Sasa angalia kinachofuata. Abiria Waafrika, waliochorwa midomo minene na karibu wote sura moja, wanaamrishwa kuinyanyua treni yao, huku mbwa wa Tintin akiwasuta kwa uvivu. Mbwa! Hergé hakuwahi kufika Kongo. Alichorea gazeti la Kikatoliki lililoupigia debe ukoloni wa Ubelgiji nchini Kongo. Toleo la rangi la 1946 liliondoa somo lililowaambia watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, likaweka hesabu. Sura zikabaki zilezile.

Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alikishtaki kitabu hicho mjini Brussels mwaka 2007. Mwaka 2012 mahakama ikakataa kukipiga kitabu marufuku.

Wanyama nao hawakupona. Tintin anamlipua faru kwa baruti, utani mgumu kuumeza katika mkoa wa Kilimanjaro, unaolinda faru katika hifadhi ya Mkomazi. Wachapishaji wa Skandinavia waliukataa ukurasa huo, na mwaka 1975 Hergé akauchora upya.